Kidonda na jicho, acheni kupaka kila kitu

Wadau wa Mwanza, nauza duka la dawa muhimu huku Kirumba, sio mbali na Mwaloni, na wateja wangu wengi ni watu wa samaki na watu wa kokoto, yaani huyu kachomwa mwiba wa sato, yule kajikata akitoa minofu ya sangara, mwingine kipande cha jiwe kimemrukia jichoni. Karibu wote wanafika wameshapaka kitu. Dawa ya meno, majivu, unga wa kapsuli za rangi mbili, au spiriti asubuhi na jioni mpaka nyama imegeuka nyeupe halafu ananiuliza mbona hakiponi.

Hakiponi kwa sababu unakivuruga. Ukiumia, chembe sahani za damu zinamwaga pale vitu vinaitwa vichocheo vya ukuaji, ni protini ndogo tu, zinaziita seli za jirani zije, zigawanyike, zitambae mpaka pengo lifunike. Kimojawapo, EGF, aligundua Mmarekani Stanley Cohen bila hata kukitafuta, alikuwa anawadunga panya wachanga majimaji ya tezi za mate za panya wakubwa akashangaa wanafumbua macho siku ya 7 hivi wakati kawaida ni kama wiki mbili, na meno yanawahi kutoka. 1986 yeye na Rita Levi-Montalcini, aliyegundua kichocheo cha mishipa ya fahamu (NGF), wakapewa Nobel. Na hiyo EGF iko kwenye machozi yako hapo ulipo, bure kabisa.

Sasa wewe ukimwaga spiriti kila siku unaziunguza seli zilezile zilizoitwa. Osha kwa maji safi yanayotiririka na sabuni (ya ziwa hapana jamani, hata kama uko mtumbwini subiri ufike), kandamiza damu ikate, paka vaselini kidogo, funika na gauzi safi. Najua bibi zetu wanasema acha kikauke, ila mwaka 1962 mtafiti George Winter alijaribu kwenye ngozi ya nguruwe, jeraha lililobaki na unyevu likaota ngozi karibu mara mbili kwa haraka kuliko lililoachwa lipigwe upepo. Mwiba ulioingia ndani ni habari nyingine, huo nenda zahanati ukaoshwe na uchome sindano ya pepopunda. Na mwenye sukari akiona kidonda mguuni asipite kwangu, aende hospitali moja kwa moja. Kuna jeli ya PDGF, kichocheo kingine cha zile chembe sahani, iliruhusiwa Marekani 1997 kwa vidonda hivyohivyo, lakini hata hiyo inafuata baada ya kidonda kusafishwa na mguu kupumzishwa, haifanyi kazi peke yake.

Jicho ndio linanitia hofu. Konea, kile kioo cha mbele, haina mishipa ya damu, inategemea machozi na seli za pembeni pale inapokutana na weupe. Mkwaruzo wa juujuu usio na uchafu mara nyingi unafunga ndani ya siku 1 mpaka 3. Ukizama chini au ukiingia vijidudu unapona kwa kovu, ndio chamba cha jicho, na kovu la mkononi utalizoea ila la hapo ni pazia. Kwa hiyo maziwa ya mama, mkojo, maji ya majani, vyote hapana. Matone aliyobakiza jirani pia hapana, maana yakiwa na steroidi (dawa ya kushusha uvimbe) yanachelewesha kupona na kama ni fangasi yanaipalilia, na yale ya ganzi yanayompa mtu raha ya dakika chache ukiyarudiarudia yanaizuia konea kufunga. Watu wananibembeleza niwauzie hayo, siuzi hata ukinuna.

Kuna matone ya NGF, kile kichocheo cha mishipa ya fahamu, yaliruhusiwa Marekani 2018 kwa watu ambao konea yao imekufa ganzi, na kuna wanaotengenezewa matone ya majimaji ya damu yao wenyewe, ila hayo ni ya daktari wa macho, msije kuyaulizia Kirumba.

Kipande kikiwa kimechomeka jichoni usikitoe na usilisugue. Kata kitako cha kikombe cha plastiki, hicho kitako ndio ufunikie juu bila kugusa jicho, bandika kwa plasta, halafu tafuta usafiri wa hospitali siku hiyohiyo, wa Ukerewe nanyi pandeni kivuko kinachofuata, msingoje kesho.