Ukuta Ukiwa Wazi, Pitisha Njia ya Sola

Maswali ya safari hii yametoka kwa watu walio katikati ya ukarabati: paa limefunguliwa, kuta zimechimbwa, na sola bado ni mpango wa mwaka ujao au wa mwaka wa tatu. Wote nawaambia jambo moja: paneli zinaweza kusubiri, njia yake haiwezi.

Tunapiga plasta upya, lakini pesa ya sola hatuna kwa sasa. Kuna cha kufanya leo?

Kipo, tena ndicho rahisi kuliko vyote: paipu tupu. Mwambie fundi umeme apitishe paipu ya milimita 32 kutoka chini ya paa hadi mahali itakapokaa inveta (kifaa kinachogeuza umeme wa paneli uwe wa kutumika nyumbani), na nyingine kutoka hapo hadi kwenye ubao wa breka. Ndani ya kila paipu aache kamba ya nailoni, ncha zake zimefungwa pande zote mbili zisichomoke. Siku ya kuweka sola, kamba hiyo ndiyo itakayovuta nyaya.

Naikazania kamba kwa sababu nimewahi kulala kifudifudi juu ya dari, tochi mdomoni, nikisukuma waya kwenye paipu yenye kona mbili kali na plasta iliyodondokea ndani ikakauka. Waya ulifika katikati ukagoma. Ikabidi tukate ukuta uliopakwa rangi miezi minne tu kabla, mwenye nyumba amesimama mlangoni akitazama vumbi likitua kwenye makochi yake. Kwa hiyo kona ziwe za mviringo mpana, na zisizidi nne kabla ya kukutana na kisanduku cha kuvutia nyaya. Midomo ya paipu izibwe kabla ya plasta. Ukuta haujafungwa bado, vuta kamba huku na huku kwa mkono wako mwenyewe uone kama inatembea.

Ongeza paipu nyembamba ya waya wa intaneti hadi kwa inveta, maana nyingi siku hizi hutuma taarifa zake mtandaoni na wifi hufifia ikikutana na kuta nene. Kisha piga picha kila ukuta, futi ya kupimia ikionekana.

Fundi anasema aweke na nyaya zenyewe kabisa. Tukubali?

Mimi ningekataa. Unene wa waya hutegemea idadi ya paneli na umbali, na hayo hamjayajua. Paipu tupu itapokea chochote.

Ila paipu hiyo iandikwe "SOLA" kila inapoonekana, na ipite mbali na sehemu ambazo watu hutoboa kutundika makabati na picha. Paneli moja ya nyumbani hutoa takriban volti 30 hadi 50. Kumi zikifuatana unapata mamia ya volti, tena za mkondo wa moja kwa moja. Umeme wa kawaida wa hezi 50 hubadili mwelekeo na kupita kwenye sifuri mara 100 kwa sekunde, kwa hiyo cheche yake hupata nafasi ya kufa. Wa paneli haupiti sifuri, na cheche yake huendelea kuwaka. Na mchana huwezi kuzima jua.

Tunabadilisha kenchi chache zilizooza. Paa litabeba paneli?

Paneli pamoja na reli zake huwa takriban kilo 15 kwa mita moja ya mraba, mzigo ambao paa zima lililojengwa sawasawa kwa kawaida huubeba. Mimi huogopa zaidi upepo: ukiingia chini ya paneli unaivuta juu, na kinachoishikilia ni skrubu zilizozama kwenye mbao. Mweleze fundi wa paa kwamba paneli zinakuja, akague mbao zote za upande huo, kisha upime nafasi ya kila kenchi na papi (mbao za kupigilia mabati) na kuichora kwenye karatasi. Mahesabu ya uzito na upepo yafanywe na mhandisi, hasa kama paa ni la vigae vizito.

Na kama paa limebakiza miaka michache, liezeke upya sasa. Paneli huishi miaka 25 na zaidi. Kuzishusha ili kuezeka mabati upya ni kulipia kazi moja mara mbili.

Upande gani wa paa tuuache wazi?

Ukiwa kaskazini mwa ikweta, unaoelekea kusini. Ukiwa kusini mwake, unaoelekea kaskazini. Karibu na ikweta yenyewe, mashariki na magharibi hazitofautiani sana, muhimu ni mwinamo usipungue kama nyuzi 10 ili mvua ioshe vumbi.

Kisha tafuta vivuli. Seli za paneli, yaani vile vipande vinavyozalisha umeme, zimefungwa mfululizo, kwa hiyo kivuli cha bomba moja la hewa kikiangukia seli moja kinaweza kuondoa theluthi ya nguvu ya paneli nzima. Simama uwanjani saa tatu asubuhi, saa sita na saa tisa alasiri uangalie paa lako. Mabomba ya hewa ya choo, antena na tenki vihamishiwe upande mwingine sasa, wakati fundi bomba bado yuko kazini.

Ubao wa breka tulioletewa una nafasi 12 na zote zimejaa. Unatosha?

Hautoshi. Chukueni mkubwa zaidi, wenye nafasi za akiba. Lakini hata huo hautawasaidia sana kama saketi, yaani njia za umeme zinazotoka kwenye ubao, zimechanganywa.

Gaweni nyumba sasa hivi. Taa, friji, intaneti na soketi chache za muhimu ziende kwenye ubao mdogo wa pili. Jiko la umeme, hita ya maji na kiyoyozi vibaki kwenye ubao mkubwa. Siku inveta na betri vikija, fundi ataunganisha ule mdogo tu. Zikiwa zimechanganyika, soketi ya friji iko saketi moja na ya pasi, betri yenu itaishia kwenye pasi, au ukuta uchimbwe tena. Waya wa ethi, unaopeleka ardhini umeme uliovuja, nao upimwe na kurekebishwa kwenye kazi hii hii.

Betri tumepanga iwe kabatini, chumba cha wageni. Ni sawa?

Hapana, tafadhali. Isiwe chumba anacholala mtu, wala chini ya ngazi ambayo mtakimbilia moto ukitokea. Tafuteni ukuta wa tofali au zege wenye kivuli na hewa, usiopigwa na jua la alasiri, kwa sababu joto hufupisha maisha ya betri.

Plasta imepigwa jana. Tumechelewa?

Bado. Paipu inaweza kushuka nje ya ukuta, mradi iwe ya aina inayostahimili jua, au ipite kona ya makabati yaliyopangana juu na chini. Muite fundi umeme achague njia kabla ya fundi rangi kufungua ndoo.