Wifi Haionekani Kwenye Linux? Usifomati Kwanza

Wadau, kuna kitu huwa kinaniuma sana, mtu kaweka Linux kwenye laptop yake, wifi haionekani, basi jioni hiyohiyo anafomati na kuanza kutangaza kwamba Linux haifai. Mara nyingi kadi ya wifi ni nzima kabisa na draiva (programu inayoiendesha hiyo kadi) ipo, kinachokosekana ni faili moja au setingi moja, na ukishajua pa kuuliza, Linux yenyewe inakwambia kinachoisumbua.

Kabla ya yote tafuta intaneti ya muda. Chukua simu ya Android na waya wake wa USB (uwe ule unaopitisha data, siyo wa kuchaji tu), chomeka kwenye laptop, kisha ingia kwenye setingi za hotspot uwashe ile ya kushea kwa USB. Linux itaiona simu kama waya wa mtandao na utaingia hewani bila kuinstoo chochote. Na kama nyumbani kuna wifi, unganisha simu kwenye hiyo wifi, simu nyingi zinaipitisha mpaka kwenye laptop, bando lako haliguswi. Nalisema hili mapema kwa sababu naona watu wanahangaika kubeba mafaili kwa flashi kutoka kwenye kompyuta nyingine, pakeji moja inadai ya pili, ya pili inadai ya tatu, mpaka mtu anakata tamaa kabla hata hajaanza kazi yenyewe.

Ukishakuwa hewani fungua teminali (lile dirisha la kuandikia komandi), andika lspci -nnk na utafute mstari wa Network controller. Kama kadi yako ni ile ya kuchomeka kwenye USB, tumia lsusb, namba yake inakuja baada ya neno ID. Kwenye lspci angalia namba iliyo ndani ya mabano ya mraba, mfano 14e4:4365. Nusu ya kwanza ni kampuni, 14e4 ni Broadcom, 10ec ni Realtek (zake za USB ni 0bda), 8086 ni Intel, na nusu ya pili ndiyo chipu yenyewe. Ukienda kugoogle tafuta kwa hiyo namba, achana na jina la laptop, maana modeli ileile unakuta hii ina kadi hii na ile ina kadi nyingine, hasa hizi used tunazonunua ambazo zimeshafunguliwa na kubadilishwa vifaa njiani. Halafu shuka kidogo uone kama kuna maneno Kernel driver in use. Yakiwepo, draiva imeshaikamata kadi, tatizo litafute kwingine.

Kwingine kwenyewe ni wapi? Anza na rfkill list. Ikisema Soft blocked: yes, andika sudo rfkill unblock wifi na imeisha hiyo. Ikisema Hard blocked: yes hapo komandi haikusaidii, kuna swichi pembeni ya laptop au kitufe chenye alama ya wifi kwenye kibodi.

Kama siyo hiyo, andika sudo dmesg | grep -i firmware. Ukiona imeandika failed with error -2 maana yake draiva imetafuta faili la kuiwashia kadi na faili halipo kwenye mashine. Kwenye Debian za zamani hili lilikuwa la kila siku kwa sababu mafaili hayo hayakuwemo kwenye diski rasmi ya kuinstoo, kuanzia Debian 12 ya mwaka 2023 yamewekwa humohumo. Kwenye ya zamani washa non-free (fungu la pakeji zisizo huria), weka firmware-iwlwifi kwa Intel au firmware-realtek kwa Realtek, washa mashine upya.

Broadcom ndio mtihani. Ile 14e4:4365 niliyotaja hapo juu ni BCM43142, iko kwenye laptop ya mdogo wangu anayesoma chuo, na hiyo chipu inataka draiva ya wl, pakeji yake kwenye Ubuntu inaitwa bcmwl-kernel-source na kwenye Debian ni broadcom-sta-dkms. Tukaweka, ikaingia bila shida, tukaandika sudo modprobe wl, jibu: Key was rejected by service. Hiyo ni Secure Boot (ulinzi wa mashine wakati inawaka) inakataa draiva isiyo na sahihi inayoitambua. Wengi watakwambia izime kwenye BIOS (setingi za mashine yenyewe), mimi sipendi, maana kama kuna Windows imefungwa kwa BitLocker inaweza kukudai ile namba ndefu ya kufungulia na wewe huna. Wakati wa kuweka draiva Ubuntu inakuomba utunge pasiwedi, ukiwasha upya inakuja skrini ya bluu, na hapo ndipo watu wanapoteza, wanabonyeza Continue boot. Chagua Enroll MOK (yaani sajili sahihi ya hiyo draiva), kubali, andika ileile pasiwedi. Tulifanya hivyo na majina ya wifi yakajaa kwenye listi.

Hiyo draiva ya wl inajengwa upya kila keneli (kiini cha Linux) mpya inapoingia, kwa hiyo hakikisha headers za keneli yako (mafaili ya kujengea draiva) zipo, kwenye Ubuntu kwa kawaida ni linux-headers-generic, la sivyo siku umefanya apdeti wifi itapotea. Ikitokea, kwenye GRUB (menyu ya wakati mashine inawaka) ingia Advanced options uwashe keneli ya zamani, utarudi hewani na uweke hizo headers ukiwa na intaneti.

Na kama wifi inaonekana ila inashika ukiwa umekaa karibu na rauta tu, angalia kama chipu ni RTL8723BE. Kuna laptop zimefungwa antena moja na draiva inasikiliza upande usio na waya. Tengeneza faili /etc/modprobe.d/rtl8723be.conf, ndani yake andika options rtl8723be ant_sel=2, washa upya. Kama hakuna mabadiliko weka 1 badala ya 2.