Maswali Yenu: Mathree ikiingia stejini, mtu wa baiskeli apite wapi?

SWALI: Habari yako Mhariri. Mimi ni fundi wa kuchomelea, naishi Kayole na kazi iko Industrial Area, kila asubuhi saa kumi na mbili niko Jogoo Road na baiskeli juu fea ya siku hizi siiwezi, mvua ikinyesha ndo wanaongeza kabisa. Shida yangu ni mathree, hizi matatu. Nikikaa pembeni wananibana mpaka nakaribia mtaro, nikisogea ndani kidogo makanga ananitukana ati barabara si ya baiskeli. Juzi moja iliniovateki halafu hapo hapo ikakata mbele yangu ikaingia stejini, ikabidi nirushe baiskeli kwa matope. Sasa niambie ukweli, mtu akae wapi? – Fundi, Kayole

JIBU: Pole sana fundi wangu, na nashukuru uko mzima. Huyo makanga amekudanganya. Jogoo Road ni yako kama ilivyo yake, barabara ambayo baiskeli na bodaboda haziruhusiwi ni ile Nairobi Expressway iliyofunguliwa 2022, hizi zingine tunagawana.

Sasa mahali pa kukaa. Usijibanze kwa ukingo. Kaa kama mita moja kutoka ukingoni, najua inatisha, lakini pale pembeni kabisa ndo kuna mashimo, vioo vilivyovunjika na mitaro imeibiwa vifuniko, na ukikwepa shimo unajikuta umeingia mbele ya gari bila kupenda. Tena ukijibanza dere anaona nafasi ya kupenya hata kama haitoshi, ukiwa mita moja ndani anaona mapema kwamba lazima abadilishe leni ama angoje.

Lakini barua yako hasa ni ya stejini, na hapo ndo nataka unisikize vizuri. Mlango wa mathree uko kushoto, watu wanaruka chini gari ikiwa bado inatembea, na dere amekaa kulia, kwa hivyo ile kona ya mbele kushoto haioni vizuri. Wewe ukijaribu kupita kati ya gari na ukingo umeingia mahali dere hakuoni na abiria hakutarajii. Mimi nilijifunza kwa maumivu. Nilikua naendesha Donholm jioni moja, mathree ikapunguza mwendo nikaona nafasi kushoto nikaingia, mama akashuka na kikapu cha sukuma mkononi nikamgonga. Yeye aliumia goti na mimi nikavunjika kifundo cha mkono, na mpaka leo nikikumbuka vile alikaa chini pale anashika goti lake najua kosa lilikua langu. Gari lilikua limeshapunguza mwendo, steji ilikua inaonekana, ningengoja.

Kwa hivyo mathree ikianza kupunguza karibu na steji, usipite kushoto hata nafasi iwe kubwa namna gani. Ngoja nyuma yake, uache nafasi ya gari moja hivi ili uone mira yake, kile kioo cha pembeni. Kama huoni uso wa dere kwa mira, yeye pia hakuoni. Kama lazima upite, geuza kichwa uangalie nyuma, nyoosha mkono, upite kulia na leni ikiwa wazi tu. Na sikiliza: ukisikia makanga amegonga bodi mara mbili gari inatoka saa hiyo hiyo, mara nyingi bila indiketa, usiwe ubavuni.

Na fundi, hii si shida ya ujanja wako peke yake. Kaunti ya Nairobi ilitoa sera 2015 ya watu wanaotembea na wa baiskeli, ikasema asilimia 20 ya pesa za barabara iende kwa njia zao na usafiri wa umma. Wewe angalia barabara unayopita kila siku uniambie kama umeiona hiyo asilimia. Hata pale njia ya baiskeli imejengwa unakuta imejaa vibanda na bodaboda zimepaki, na msongamano ukizidi mathree zinaovalapu, zinatoka leni yao zipite juu yake. Inaniuma kweli, kwa sababu mtu anayeamka kumi na moja aende kuchomelea milango ya watu hastahili kuchagua kati ya fea na maisha yake.

SWALI: Mhariri mbona mnatulaumu madere tu? Mimi naendesha gari ya watu 33, hawa watu wa baiskeli wanakuja usiku bila taa, wengine wanakuja upande mbaya wanakukabili uso kwa uso. Naogopa siku moja nitaua mtu. – Dere, Umoja

JIBU: Asante dere kwa kuandika, na hiyo hofu yako naiheshimu. Uko sawa kuhusu taa. Ndugu zangu wa baiskeli, taa nyekundu nyuma na reflekta si urembo, na kuendesha upande mbaya ati ndo uone gari zinakuja ni hatari kubwa, dere anayetoka stejini anaangalia nyuma, haangalii kama kuna mtu anakuja kutoka mbele kwa leni yake.

Lakini na wewe nisikize. Najua tageti ya mwenye gari inakukimbiza na steji ni kung'ang'ania abiria. Hebu hesabu tu: ukiwa 50 kwa saa gari inakula karibu mita 14 kwa sekunde moja, ukishuka 30 inakula kama mita 8. Ukiona baiskeli mbele na steji iko karibu, kaa nyuma yake mpaka uingie, unapoteza sekunde chache tu. Kumuovateki halafu kumkatia ndo kunaleta hiyo siku unayoiogopa. Na ukimpita mpe nafasi. Uingereza mwaka wa 2022 waliandika kwa kanuni zao za barabarani gari iache angalau mita 1.5 ikipita baiskeli, na ikiwa na kasi zaidi iache zaidi. Hiyo ni kama mara mbili ya mkono wako ulionyooshwa. Mwambie makanga pia asifungue mlango mpaka gari isimame.

Dar es Salaam mabasi ya mwendokasi yalianza 2016, vituo vyake viko katikati ya barabara, basi halihitaji kukata kwenda ukingoni kuchukua mtu. Hapo kituoni dere wa basi hilo na baiskeli hawagombanii ukingo. Sisi huku mnakutana kila steji, siku nzima, na si wewe uliyeichora hivyo.

SWALI: Kijana wangu wa miaka 13 anataka kwenda shule na baiskeli, shule iko ng'ambo ya Outering. Nimkubalie? – Mama, Tassia

JIBU: Mama, kwa barabara kubwa peke yake bado. Jumapili asubuhi magari yakiwa machache tembea naye njia yote, atumie barabara za mtaani, na kuvuka Outering apitie daraja la miguu akisukuma baiskeli. Angalia kama anaweza kugeuza kichwa nyuma bila baiskeli kuyumba. Akishindwa, arudi uwanjani afanye mazoezi, ukamjaribu tena mwezi ujao.