"Match": mechi na njiti ya kiberiti hazina undugu

Ndugu yangu, umeuliza inakuwaje Waingereza waite "match" mechi ya mpira na pia njiti ya kiberiti. Hayo ni maneno mawili tofauti, ila yamefanana sura.

La kwanza ni la Kiingereza cha kale, "gemæcca", yaani mwenzi, mtu mnayelingana. Ndiyo maana rangi zinazoendana huitwa hivyo, hata ndoa ya watu wanaofaana. Mechi nayo ni wawili wanaolingana kupimana nguvu. Kiswahili kimechukua tawi hilo la mchezo, na mimi naliona zuri kuliko yote.

La pili lilitoka Ufaransa: "meiche", utambi wa taa au mshumaa. Utambi wa kulipulia mizinga ukaitwa hivyo, kisha vijiti vilivyochovywa salfa. John Walker, mwuza dawa wa Stockton-on-Tees, Uingereza, alipoanza mwaka 1827 kuuza vijiti vinavyowaka kwa kusuguliwa, navyo vikaishia kubeba jina hilohilo la utambi.

Sisi tulipitia kwa Waarabu. Kiberiti chetu ni "kibrit" yao, na maana yake ni hiyohiyo salfa.