Hamira ya maandazi na jeni zetu

SWALI: Wahariri, nipo kidato cha sita, Ilemela, Mwanza. Tumefundishwa kuwa protini zinazowasha jeni za hamira zinafanana na zetu. Ni hamira hii ya maandazi? Na zinaweza kubadilishana?

JIBU: Ndiyo, hiyohiyo. Chukua TBP, protini inayokaa kwenye herufi TATA za DNA na kuipinda ili jeni ianze kusomwa. Ya hamira ina amino asidi (vijenzi vya protini) 240, ya binadamu 339. Ukizipima nzima nzima utapotea, kwa sababu sehemu za mwanzo hazifanani kabisa. Pima 180 hivi za mwisho: takribani 80 katika kila 100 ni zilezile. Tena linganisha mfuatano wa protini, si wa DNA. Kodoni (herufi tatu tatu za DNA) tofauti huweza kuandika amino asidi moja, na udugu ukajificha.

Kubadilishana ni jambo jingine. Hamira iliyoondolewa TBP yake na kupewa ya binadamu haikui. TATA inashikwa vizuri tu. Kinachokwama ni kushikana na protini wenzake wa hamira.

Mfano mtamu zaidi, ambapo kubadilishana kulifaulu, ni protini mbili zinazowasha jeni: Gcn4 ya hamira na Jun, ambazo zote husoma herufi TGACTCA za DNA. Mwaka 1987 mwanasayansi Kevin Struhl alikata kipande cha Gcn4 kinachoshika DNA, akapachika cha Jun (ile ya virusi vya saratani ya kuku, ndugu wa Jun yetu). Jeni za hamira ziliwaka.