Makochi, friji na khanga za mama: ukienda ng'ambo vitu unamwachia nani?

Barua za safari hii zimegusa jambo moja. Watu wanaondoka Tanga kwa masomo au kazi, miaka miwili, mitatu, wengine mitano, na nyumba imejaa vitu. Nitangulize rai yangu ili majibu yaeleweke: katika hewa yetu ya pwani, kitu kinachotumiwa hudumu kuliko kitu kilichofungiwa. Unyevu, chumvi ya bahari, mchwa na panya hustawi pale pasipofunguliwa mlango. Kwa hiyo kabla ya kutafuta pa kuweka, tafuta wa kutumia.

Shikamoo mama. Mume wangu amepata nafasi ya kusoma Uingereza, tunaondoka familia nzima kwa miaka mitatu. Tumepanga Chumbageni. Tukodi chumba tuweke vitu au tuuze? – Msomaji wa Chumbageni

Marahaba mwanangu. Anzeni na hesabu. Chumba cha shilingi 40,000 kwa mwezi, kwa miaka mitatu, ni shilingi 1,440,000. Sasa tazama makochi yako ya kitambaa na ujiulize yatauzwa kiasi gani leo, na yatakuwa na thamani gani yakishapigwa na masika tatu na vuli tatu bila kukaliwa. Vitu vingi vya nyumba za siku hizi havistahili kulipiwa kodi. Kabati la mbao za kubandika likinywa unyevu huvimba, na likishavimba halirudi. Uza. Mazulia, mapazia, televisheni, uza au gawa.

Kitanda cha mninga ni habari nyingine, na kasha la mvule vilevile. Mbao hizo mchwa huzichukia kuliko paini, na fundi wa kukutengenezea kingine leo atakutoza fedha nyingi. Hivyo weka. Weka pia cherehani, sinia, masufuria mazito, na chochote ulichorithi.

Mkiamua kuuza, anzeni miezi miwili au mitatu kabla ya safari. Mnunuzi akijua una tiketi mfukoni, bei anaipanga yeye.

Na kama lazima mkodi chumba, kakitazameni wakati wa masika, mwezi wa nne au wa tano, mvua inaponyesha. Hapo paa linalovuja halijifichi. Chagueni chenye sakafu ya saruji na madirisha ya pande mbili. Vitu viinuliwe juu ya tofali au chaga, vitenganishwe na ukuta kiasi cha mtu kupita na tochi, maana mchwa huja na njia yake ya udongo ukutani na ukiiona mapema unaokoa kila kitu. Atakayeshika ufunguo afungue madirisha angalau mara moja kwa wiki. Wengine hufikiria kontena. Bati la kontena huchemka mchana, hupoa usiku, na unyevu uliomo ndani hugeuka matone yanayoangukia vitu vyako. Bila matundu ya hewa na kivuli juu yake, mimi sishauri.

Friji na mashine ya kufulia nivihifadhije? Nakaa Raskazone. – Msomaji

Raskazone bahari iko mlangoni, kwa hiyo kutu ndiyo adui yako wa kwanza. Friji mpe mtu atumie. Ikishindikana, izime, barafu iyeyuke yote, ioshe kwa maji yenye limau, na ule mpira wa mlango uusugue hadi kwenye mikunjo yake. Iache wazi siku nzima ikauke, kisha mlango uufunge kwa kamba ukiwa umeachwa upenyo mdogo wa hewa, usioweza kupitisha mtoto. Hili la mtoto nalisisitiza: friji kuukuu isiyofungwa vizuri ni hatari, mtoto akiingia kucheza na mlango ukajifunga, anakosa pumzi. Usiizungushie nailoni, ifunike shuka. Mashine ya kufulia mwaga maji yote, na yale yaliyobaki kwenye bomba, mlango uache wazi. Rimoti zote toa betri.

Shikamoo mama. Nina khanga na vitenge vya marehemu mama yangu, na albamu zake za picha. Sitaki kuviuza wala kumpa mtu. Naenda Oman kwa mkataba wa kazi wa miaka miwili. – Binti wa Ngamiani

Marahaba binti yangu, na Mungu amrehemu mama. Hivi ndivyo vitu ambavyo kanuni yangu ya kutumia haivihusu, na unafanya vyema kuvitenga.

Khanga zifue zote, hata zile unazoona ni safi, maana jasho na mafuta yasiyoonekana ndiyo yanayotia madoa ya manjano baadaye. Suuza sana, na usitie wanga. Wadudu wa nguo huufuata. Anika kivulini, kisha uzipige pasi ya moto na uziache wazi mpaka zipoe kabisa. Nguo iliyokunjwa na uvuguvugu huota madoa ya ukungu hata ndani ya kasha zuri. Kunja kwa kulegeza, na mwambie atakayekutunzia abadilishe mikunjo kila mara anapozitoa, kwa sababu kitambaa huchanika palepale kilipokunjwa miaka. Azitoe wakati wa kaskazi, Januari au Februari, hewa inapokuwa kavu kidogo, azipunge nusu siku kivulini.

Karafuu weka kwa harufu na kwa kumbukumbu, lakini usizitegemee kuua wadudu. Vidonge vyeupe vya nondo sivipendi kwenye nyumba yenye watoto. Mtoto huvidhania peremende, na ni sumu.

Picha ndizo zinazonitia wasiwasi zaidi. Picha zinapogusana kwenye unyevu hugandana, na ukizibandua uso unabaki upande wa pili. Kabla hujaondoka zipige zote kwa simu, mchana, karibu na dirisha, bila mwanga wa simu yenyewe, na nakala uzihifadhi zaidi ya mahali pamoja. Albamu ifunge kwenye kitambaa cha pamba, uiweke juu kabatini, mbali na ukuta unaopigwa na mvua ya kusi. Au beba. Albamu moja si mzigo mkubwa.

Dada yangu wa Makorora amekubali kuniwekea vitu vyote, lakini najua shemeji na watoto watavitumia. Nimwambieje bila kuharibu udugu? – Kaka anayehamia Muscat

Mwambie kabla ya gari la mizigo kufika, na mwambie shemeji yako akiwepo. Udugu hauharibiwi na maneno yaliyosemwa mapema. Huharibiwa na yale unayoyasema miaka mitatu baadaye ukiwa umesimama mbele ya kochi lililochanika.

Gawa vitu mafungu matatu na uyataje wazi. Kuna amana: hii haiguswi, inakaa kama ilivyo, na mwenye kuitunza hana lawama ikiharibika bila uzembe wake. Kuna ulichowaazima: wanakitumia, wanakirudisha, na uchakavu wa kawaida hauulizwi. Na kuna zawadi, ambayo umeshasahau. Ningekushauri fungu la amana liwe dogo sana, liingie kabati moja lenye kufuli. Nyumba ya dada yako ina watoto wanaokua na haina nafasi ya kugeuzwa ghala. Fungu la zawadi liwe kubwa kuliko ulivyokusudia.

Kisha andikeni. Mali bila daftari huisha bila habari. Orodha iwe na picha, nakala mbili, na mambo ambayo watu huona haya kuyasema: kikiharibika nani anatengeneza, dada akihama vitu vinakwenda wapi, mkataba wako ukiongezwa inakuwaje, na ukifariki huko, Mungu apishie mbali, ni vya nani. Jambo la mwisho hili ndilo lililogombanisha familia nyingi ninazozijua.

Na umtumie chochote kila baada ya muda, cha dawa ya mchwa au cha umeme. Ukipiga simu, ulizia watoto. Usianze na friji.

Gari nilifunike au niliuze? Nitakuwa nje miaka minne. – Msomaji wa Nguvumali

Uza. Miaka minne matairi yanapasuka, betri inakufa, mafuta yanaganda kwenye mipira, panya wanakata nyaya.

Mtungi wa gesi je?

Usiuache ndani ya nyumba iliyofungwa, hata ukidhani umeisha. Mpe jirani anayepikia.

Mimi nyumba ni yangu, iko Kange, sitaki mpangaji. Nikiifunga tu kuna tatizo? Na hati niziache wapi? – Msomaji anayekwenda Kanada

Lipo, na linaanzia kwenye mita. Tangu 2021 kodi ya jengo inakatwa kupitia LUKU, ule umeme wa kulipia kabla ya kutumia. Usiponunua umeme kodi haisimami, inajikusanya, na siku utakaponunua itakatwa deni lote. Mwombe mtu anunue umeme kidogo kila mwezi. Na akiwasha taa jioni, nyumba inaonekana ina mwenyewe. Kodi ya ardhi nayo ni ya kila mwaka, unaweza kuilipa kwa simu ukiwa huko huko. Mjulishe mwenyekiti wa mtaa kwamba umesafiri na nani anashika ufunguo.

Vyeti vya kuzaliwa, vya ndoa na vya shule safiri navyo vile vya asili, acha nakala. Hati ya nyumba isikae kwenye nyumba yenyewe. Kama kuna atakayekuwakilisha, nenda kwa wakili akuandikie hati inayotaja kazi moja moja anazoruhusiwa: kulipa kodi, kusimamia ukarabati, kufuata barua. Kuuza na kuweka rehani kuandikwe waziwazi kwamba haruhusiwi.