Usiiondoe bakshishi ya meli, ilipe ukiwa bado Nakuru

Dada, huyo ajenti wako atakutia hasara, na ninaandika haya nikiwa na uchungu kwa sababu nami ajenti wa hapa Kisumu alinipotosha kuhusu bakshishi hiyo hiyo. Umesema mnapanda meli ya watalii Miami, wewe, mume wako na mama mkwe, usiku saba, na ajenti amewahakikishia kwamba tipu, yaani bakshishi, ni hiari, mkifika mwende kaunta iondolewe. Unauliza kama ni kweli, na mbebe dola ngapi. Ngoja kwanza nikueleze yaliyonipata.

Mimi ni mwalimu. Desemba 2024 shemeji yangu anayeishi Florida alitulipia nauli ya meli, mimi, mke wangu na watoto wetu wawili. Makaratasi yalishughulikiwa na ajenti wa hapa mjini. Nilimuuliza mara mbili, mke wangu akisikia: kuna kingine cha kulipa? Akajibu, "Mwalimu, kila kitu kimelipwa. Wewe beba dola moja moja za kuwapa vijana wa kazi." Chini ya karatasi palikuwa na mstari mdogo unaosema grachuiti haimo kwenye nauli. Sasa mtajie mwalimu yeyote wa Kenya neno grachuiti uone atawaza nini. Kiinua mgongo! Nikajua hayo ni ya wafanyakazi na mwajiri wao, nikageuza ukurasa. Kumbe kwenye meli grachuiti ndiyo bakshishi. Yule bwana alikuwa ameketi mbele yangu, mstari huo anaufahamu, na hakufungua mdomo. Akiutaja bei inapanda na mteja anaweza kusitasita. Sijamsamehe.

Kwenye meli hununui soda kwa noti. Siku ya kwanza unasajili kadi ya benki kwenye akaunti ya chumba, na chochote unachochukua kinaandikwa humo. Pamoja na hivyo, kila siku inaingia bakshishi yenyewe, bila mtu kukuuliza. Sisi ilikuwa dola 16 kwa kila mtu. Kila mtu, si kila chumba. Binti yangu wa miaka 11 alitozwa sawasawa na mimi. Watu wanne kwa siku saba ni dola 448. Dola wakati ule ilikuwa kama shilingi 129, kwa hiyo hizo ni karibu shilingi 58,000.

Na mimi nilikuwa natoa nyingine kwa mkono! Ukienda Dunga, ufukweni hapa Kisumu, ukazungushwa na mashua kutazama viboko, ukishuka unamwachia mwenye mashua kitu, ndivyo tulivyolelewa. Basi kila jioni nilimpa kijana wa chumba dola kumi na wale wa mezani dola kumi, kwa moyo mweupe kabisa. Usiku tano, dola 100.

Vinywaji ndivyo vilivyonimaliza. Juisi za watoto dola 10, ikaongezwa asilimia 18 ikawa 11.80. Hiyo 18 sikuishtukia. Risiti za hoteli zetu zina VAT asilimia 16 na ushuru wa utalii asilimia 2, jumla 18, nikadhani ni kodi ya huko. Kumbe ni bakshishi ya mhudumu. Halafu chini ya risiti wameacha nafasi wazi ya kuongeza bakshishi, nawe ukiiona wazi unadhani bado hujatoa. Kila mara nilijaza dola 2.

Aliyenifungua macho ni kijana wa Likoni, Mombasa, aliyekuwa akihudumu mezani. Usiku wa sita aliniona nikijaza ile nafasi akainama akaniambia polepole, kwa Kiswahili, "Mzee, hii umeshalipa. Na ile ya kila siku pia inakatwa. Umeangalia akaunti yako?" Chakula kilinishinda. Nilikwenda kaunta ya wageni, wakanichapishia akaunti yote, na mke wangu akaisoma mstari kwa mstari bila kusema neno.

Hapo ndipo nilipoambiwa ninaweza kuomba ile ya kila siku ipunguzwe au iondolewe, maadamu safari haijaisha. Kwa hiyo ajenti wako hajadanganya kwa hilo. Lakini nilimuuliza yule kijana pesa hizo huenda wapi. Akanieleza zinagawanywa: anayetandika kitanda, wahudumu wa mezani, na watu ambao huwaoni kabisa, wa jikoni na wa kufua mashuka. Meli nyingi zimesajiliwa Bahamas au Panama, sheria ya mshahara wa chini ya Marekani haiwagusi hao, na bakshishi ndiyo sehemu kubwa ya kipato chao. Wengi wametoka Ufilipino, Indonesia na India, na sasa Wakenya wamo. Baadhi ya kampuni, ukiiondoa ile ya kila siku, hata noti utakayompa mhudumu mkononi anatakiwa kuipeleka kwenye mfuko wa pamoja. Sikuiondoa. Ningemtazamaje yule mtoto wa Likoni asubuhi?

Kilichoniumiza zaidi kilikuja tuliposhuka Miami. Kadi yangu ni ile inayokata moja kwa moja kwenye akaunti ya mshahara. Meli huzuia kiasi fulani kwenye kadi safari ikiendelea, kisha mwisho hukata deni lenyewe, na zile zilizozuiwa haziachiliwi siku hiyo hiyo. Kadi ikakataa kwenye kaunta ya hoteli, watoto wamekalia mabegi, wanatutazama. Shemeji aliendesha gari kwa muda wa saa tatu kuja kutulipia kitanda. Pesa zilizozuiwa zilirudi baada ya siku tisa, sisi tuko Kisumu tayari.

Kwa hiyo lipa bakshishi yote ya kila siku sasa, pamoja na nauli, kabla hujatoka Nakuru. Kampuni kubwa nyingi zinaruhusu. Piga hesabu na mume wako leo: kampuni ya Royal Caribbean imewahi kutoza dola 18.50 kwa siku kwa mtu wa chumba cha kawaida. Watu watatu siku saba ni dola 388.50, zaidi ya shilingi 50,000. Norwegian ilifika dola 20 mwaka 2023. Silversea na Regent huijumlisha kwenye nauli, ingawa nauli zenyewe ni za wenye nazo. Ukishalipa kabla, kadi inabaki na kazi ya vinywaji tu, na kila jioni fungua akaunti ya chumba uisome. Ile nafasi wazi kwenye risiti ya kinywaji ikate kwa mstari, usiijaze. Dola za mkononi, beba chache za kumpa mtu aliyekufanyia jambo la kipekee. Mama mkwe akiwa na magoti mabovu na kijana akambebea sahani kila siku, huyo mpe, tena mpe vizuri.

Usiku huu mwandikie ajenti ujumbe, asikupigie simu, aandike: bakshishi ya kila siku ni dola ngapi kwa kila mmoja wenu, imo au haimo kwenye bei aliyowapa, na kama haimo ailete kwenye ankara. Akijibu, weka jibu lake hapa nilisome.